Cheti cha Kifo cha Ansbert

Katika maisha yangu nimekula kiapo cha mahakama mara moja tu, nacho kilimhusu mtu ambaye hata ndugu yangu hakuwa. Niliapa kwamba mimi Mwinyimvua, fundi cherehani, mzaliwa wa Kariakoo, nilimfahamu Ansbert kwa miaka kumi na moja, na kwamba tangu mwezi wa pili mwaka 2018 sikumwona wala kusikia habari zake. Siku naweka sahihi, kila neno pale lilikuwa kweli.

Cherehani yangu ilikaa kwenye kibaraza cha duka lao. Lilikuwa fremu moja nyembamba katika nyumba ya zamani, mtaa unaoshuka kuelekea Msimbazi, na ndani mlijaa vifaa vya ushonaji: zipu, vifungo, lastiki, bitana, nyuzi za kila rangi. Nikiishiwa uzi nilinyoosha mkono tu. Ansbert na mkewe Hyasinta walikuwa Wachaga wa Rombo, walifunga ndoa kanisani huko huko kisha wakaja mjini kutafuta maisha. Mtaa mzima tulimwita mke Mama Evelyn, kwa jina la binti yao wa pekee.

Ansbert alikuwa mtu wa safari. Kukaa nyuma ya kaunta kulimchosha, mkewe ndiye aliyekaa. Yeye aliwahi kupeleka vitenge Zambia, akapeleka viatu Komoro, na mara ya mwisho alifunga marobota mawili akasema anakwenda Msumbiji, kwenye machimbo, ambako alisikia watu wananunua bila kuuliza bei. Alipiga simu alipofika Mtwara. Alipiga tena alipovuka Ruvuma, akasema mtandao ni wa shida, wasiwe na wasiwasi. Hiyo ndiyo ilikuwa simu ya mwisho. Baada ya hapo tukawa tunasikia habari za vita upande ule, vijiji kuchomwa, watu kukimbilia porini.

Mama Evelyn alimtafuta. Alikwenda Mtwara mara mbili, akatoa taarifa polisi, akawaachia madereva wa mabasi picha yake. Mwaka wa tatu aliacha kuuliza madereva. Hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, ila nilianza kumsikia anasema "marehemu," halafu ananyamaza na kujirekebisha: "Baba Evelyn." Biashara aliiendesha peke yake, akamsomesha binti mpaka chuo cha ualimu Morogoro. Kwa mwenye kupita njiani, hakuna kilichoharibika pale dukani.

Kilichokuja kuharibu ni karatasi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Abdulatif, mtoto wa marehemu mwenye nyumba, alipita fremu kwa fremu kuwaeleza wapangaji kwamba nyumba itavunjwa, litapanda ghorofa. Wapangaji wa zamani hawatatupwa, kila mmoja atapata fremu kwenye jengo jipya, mradi asaini mkataba mpya kabla mwaka haujaisha. Wapangaji wengine walisaini siku ile ile. Kwa Mama Evelyn alisita, kwa sababu mkataba wa zamani, leseni ya biashara, kila kitu kilikuwa kwa jina la Ansbert.

Abdulatif ni kijana wa heshima, nimemjua tangu anavaa kaptula. Aliketi kwenye kigoda changu, akamwambia bila kumkwepa macho.

"Mama Evelyn, mimi nakujua wewe. Lakini hii ni nyumba ya urithi, ndugu zangu sita wananiangalia. Nikiandika jina lako, kesho mzee wako akarudi, nitamjibu nini? Kama yupo, asaini. Kama hayupo, niletee karatasi ya mirathi."

Ndivyo safari ya kwenda mahakamani ilivyoanza. Mama Evelyn alielekezwa kwa wakili mmoja Posta, mwanamke mwembamba aitwaye Salma, ambaye siku za Alhamisi aliwasikiliza wajane bila malipo. Nilimsindikiza mara ya kwanza kwa sababu alisema maneno ya kisheria yanamchanganya, masikio mawili yangesaidia masikio mawili.

Salma alieleza taratibu, kama mwalimu. Huwezi kuomba usimamizi wa mirathi bila cheti cha kifo. Huwezi kupata cheti cha kifo bila maiti, wala hospitali, wala mtu aliyeona mazishi. Ila sheria imeacha mlango mmoja: mtu akikaa miaka mitano bila kusikika na wale ambao kwa kawaida wangemsikia kama angekuwa hai, mahakama inaweza kumchukulia kuwa amekufa. Mke ataomba, majirani na ndugu wataapa, tangazo litatoka gazetini ili mwenye habari zake ajitokeze. Asipojitokeza mtu, hakimu atatoa amri, na kwa amri hiyo cheti kitapatikana.

"Imepita sita na ushee," Salma alisema akihesabu kwa kalamu. "Hesabu iko upande wako, mama."

Tulirudi kwa miguu mpaka Kariakoo. Karibu na dukani ndipo aliponiuliza kama sisi Waislamu tunaona ni dhambi mtu kuapa kwamba mumewe amekufa ilhali hana hakika. Nikamwambia hapo haapi kwamba amekufa, anaapa kwamba hajamsikia. Alitikisa kichwa, sijui kama jibu lilimtosha.

Kiapo cha pili kilitakiwa kitoke kwa ndugu wa Ansbert, na ndugu aliyebaki alikuwa mama yake, bibi Severa, kule Rombo. Mama Evelyn alimpigia simu pale kibarazani. Simu ilikuwa na sauti kubwa, nikasikia yote bila kutaka. Yule bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba mwanawe hajamzika na hatamzika kwa gazeti. Akasema mwanamke anayefanya haraka kuitwa mjane ana lake jambo. Akakata. Mama Evelyn aliendelea kupima lastiki ya mteja, mita nne, akakosea, akaikata mita tatu.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyeapa, pamoja na mzee mmoja wa jumuiya yao ya kanisa. Mwezi wa nane tangazo likatoka, lina picha ya Ansbert iliyokatwa kutoka kwenye picha ya harusi. Ukiangalia vizuri, begani kwake ulionekana mkono wa mtu, nao ni wa Mama Evelyn mwenyewe. Zamani gazeti lilikuwa likisomwa siku moja likaishia kwa muuza karanga. Siku hizi mtu akilipiga picha kwa simu, jioni limefika mahali hujawahi kupaona.

Siku kumi na mbili baadaye, Jumamosi saa tatu asubuhi, mwanamke asiyezidi miaka thelathini alisimama mbele ya cherehani yangu. Amejitanda kanga, miguu imevimba kwa safari. Alinisalimia shikamoo, akaniuliza kama hapo ndipo kwa Mama Evelyn. Nikamwonyesha kwa mkono. Akaingia, akajitambulisha kuwa anaitwa Sophia, ametoka Masasi kwa basi la usiku, na kwamba amemwona Ansbert gazetini.

Nilisimamisha cherehani.

Hakuja kwa shari. Alisema alikutana na Ansbert Masasi mwishoni mwa mwaka 2018, amerudi kutoka Msumbiji amekonda, hana mzigo wala viatu vya maana. Alimwambia alikuwa na mke, wakaachana. Yeye na Ansbert wakaishi pamoja, Ansbert akafanya vibarua vya korosho, wakapata mtoto wa kike. Mtoto alipofikisha mwaka mmoja Ansbert akasema anavuka tena, safari hii atarudi na kitu. Alituma ujumbe mara tatu, wa mwisho mwezi wa tano mwaka 2022. Tangu hapo na yeye anasubiri.

Mama Evelyn alimwuliza mtoto anaitwa nani.

"Severa," alisema Sophia. "Alisema ni jina la mama yake."

Nikamwona Mama Evelyn anaketi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Evelyn alipozaliwa, bibi aliomba apewe jina lake kama ilivyo desturi ya kwao, na Ansbert ndiye aliyekataa, akasema hayo ni majina ya kizee.

Sophia akatoa simu, akaicheza sauti ya Ansbert, ule ujumbe wa mwisho. Mimi niliitambua kabla haijamaliza sentensi ya kwanza. Alisema yuko Nampula, huko huko Msumbiji, homa imeisha, mtoto asilazwe bila chandarua, atarudi mwezi wa saba. Mama Evelyn aliomba airudie. Akaomba tena. Mara ya tatu aliuliza, kwa upole kabisa, kama ana namba hiyo, na Sophia akamwandikia kwenye kipande cha boksi la vifungo.

Kabla ya kuondoka, yule binti alisema neno ambalo lilinifanya nimheshimu. Alisema hakuja kudai chochote, wala hana mpango wa kwenda mahakamani. Aliona vibaya tu mtu aombewe kufa na watu wasiojua. "Ukishajua, dada, fanya unavyoona," akasema. Mama Evelyn alimpa chai na chapati, akamnunulia maji ya safari. Hawakukumbatiana.

Shauri lilikuwa lisikilizwe baada ya wiki mbili. Katika wiki hizo hakumwambia Salma, hakumwambia binti yake, wala kanisani hakusema. Mimi nilijua, na nikanyamaza pia. Nisijifanye mwema. Kile kibaraza kilikuwa riziki yangu miaka ishirini na saba, na alikuwa ameniahidi kwamba kwenye fremu mpya atanipa kona. Siku moja nilimwuliza atafanyaje. Akaniuliza yeye:

"Mzee Mwinyimvua, wewe si uliapa hujamsikia?"

"Wakati ule sikuwa nimemsikia."

"Basi na mimi wakati ule sikuwa nimemsikia."

Nikafahamu kwamba ameamua kunyamaza, na moyo wangu, nasema ukweli, ukatulia.

Siku ya shauri alivaa gauni la kijivu nililomshonea mwenyewe. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni inazunguka polepole, na hakimu alikuwa mwanamke mtu mzima anayeandika kila kitu kwa mkono. Salma alieleza maombi, akataja vifungu, akaonyesha gazeti. Hakimu akauliza kama kuna mtu yeyote aliyejitokeza kufuatia tangazo, karani akasema hakuna. Ilibaki swali kwa mwombaji mwenyewe. Mama Evelyn alisimama kizimbani, akaapishwa kwa Biblia.

Hakimu aliuliza: "Tangu Februari mwaka 2018, umepata habari zozote za mume wako, kutoka kwake au kutoka kwa mtu mwingine?"

Hakimu aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Nimezipata, Mheshimiwa," alisema. "Wiki mbili zilizopita."

Salma aligeuka kumtazama. Hakimu akauliza ni habari gani. Mama Evelyn akaeleza yote: Masasi, mtoto, jina la mtoto, Nampula, mwezi wa tano mwaka 2022. Alipomaliza akasema, "Naomba iandikwe hivyo hivyo, kama nilivyosema."

Hakimu aliandika. Hata mimi niliyekaa nyuma nilisikia kalamu. Kisha akamwuliza Salma ana la kusema, na Salma, mtu mwenye maneno, akaomba kuyaondoa maombi. Hakimu alikubali. Alisema sheria haimzuii mwombaji kurudi miaka mitano itakapotimia tangu habari ya mwisho, mradi isitokee habari nyingine katikati. Akamwambia amefanya vyema kusema kweli. Shauri lote halikufika nusu saa.

Nje, kwenye ngazi, Salma hakupandisha sauti. Alisema tu, "Ungeniambia mimi kwanza, mama. Hata kama ingeishia hapa hapa, ungeniambia." Kisha, kwa kuwa ni mtu wa kazi yake, akaanza kutafuta njia nyingine. Anaweza kudai talaka kwa kutelekezwa. Ataanzia baraza la usuluhishi, halafu mahakamani, mume atatangaziwa gazetini, itachukua mwaka au zaidi, na hata akiipata, mkataba wa fremu hautakuwa umengoja. Mama Evelyn alisema ndoa yake ni ya kanisani. Salma akasema anaelewa, ila mahakama ni mahakama. Wakaagana.

Tulipofika karibu na dukani nilimwambia kwamba Mungu atamlipa kwa kusema kweli. Alisimama pale pale, wapagazi wanatupita na mizigo, wanatupigia mluzi tuwapishe.

"Usinisifu, mzee wangu," alisema. "Nilikuwa nimejiandaa kudanganya. Lakini waliponiuliza, nikaona kama nikisema amekufa, atakuwa amekufa vizuri. Watamwombea misa. Mimi nitavaa nyeusi, nitapokea pole za watu kwa ajili ya mtu aliyeniambia mtandao ni mbaya. Nikashindwa. Nilitaka kiandikwe mahali alichonifanyia."

Tukasogea pembeni, tukawapisha wapagazi.

Abdulatif alipopewa habari alisikitika kwa dhati. Lakini jambo lilikuwa limegeuka na kuwa gumu zaidi. Mtu ambaye hajulikani kama amekufa angeweza kuhurumiwa. Mtu aliyesikika Nampula anatakiwa kusaini. Alimpa hadi mwisho wa mwaka amlete Ansbert, au amletee hati ya uwakilishi yenye sahihi ya Ansbert iliyoshuhudiwa na wakili. Mama Evelyn alipiga ile namba ya kwenye kipande cha boksi asubuhi na jioni kwa mwezi mzima. Mashine ilimjibu kwa Kireno. Aliandika barua, akampa dereva wa lori anayefika mpaka Nampula, pamoja na hati ambayo Salma aliichapa bure, imeachwa nafasi ya sahihi tu. Dereva alirudi baada ya wiki tano. Aliuliza sokoni na kwenye nyumba za Watanzania, wakamwambia walikuwepo wawili watatu wa namna hiyo, wakahama, wengine Beira, wengine walikufa kwa kipindupindu, majina hawakumbuki. Alirudisha hati ikiwa safi kama ilivyokwenda.

Mwezi wa kumi na moja ndipo alipompigia mama mkwe, akamwambia ukweli wote, maana aliona ni haki ya mzazi. Alitegemea, nadhani, kwamba angalau wangelia pamoja. Bibi Severa alishukuru Mungu. Alisema alijua mwanawe hajafa, moyo wa mama haudanganyi. Kisha akauliza lini mjukuu wake ataletwa nyumbani, yule mwenye jina lake.

Krismasi Wachaga huhama mji, hilo kila mtu Kariakoo analijua. Wiki ile nusu ya fremu zinafungwa. Mama Evelyn hakuwahi kukosa kwenda kwao hata mwaka mmoja. Mwaka ule alibaki. Evelyn alikwenda, kwa sababu bibi alimwita na nauli alimtumia. Sophia naye alikwenda na mtoto, siku mbili kwa basi kutoka Masasi mpaka Rombo, akapokelewa.

Siku ya sikukuu mke wangu alinituma nimpelekee pilau. Nilimkuta dukani, mlango nusu, amekaa chini katikati ya maboksi anapanga zipu kwa urefu, kwa kuwa fremu ilitakiwa iwe tupu kufikia tarehe thelathini na moja. Alishukuru chakula, akakiweka pembeni. Nilimwuliza kama amezungumza na wa nyumbani. Akasema wamempigia asubuhi, Evelyn aliwapa simu mmoja mmoja, mpaka na yule mtoto wakampa.

"Alisema, 'Shikamoo, mama mkubwa,'" aliniambia. "Wamemfundisha."

"Ukasema nini?"

"Nikasema marahaba. Ningesema nini?"

Akarudi kwenye zipu zake.

Nyumba ilivunjwa mwezi wa kwanza. Mimi nimehamishia cherehani kwa shemeji yangu, upande wa Gerezani, mahali ambapo wateja wangu wengi hawajui. Mama Evelyn ana meza ya futi tatu kwenye korido ya jengo la mtu mwingine, mbele ya choo cha wateja, analipia kwa wiki. Bitana zimebaki kwenye maboksi chumbani kwake na nyingine zimeliwa na panya. Fremu ambayo ingekuwa yetu kwenye ghorofa jipya itachukuliwa na muuza simu za jumla. Salma alimpigia mara moja kumkumbusha kwamba miaka mitano itatimia mwezi wa tano mwaka 2027, asikosee tarehe. Alimwitikia, akaandika tarehe hiyo kwenye daftari.

Wiki iliyopita nilipita kumsalimia. Wakati nakaa, simu yake iliita namba ngeni, ndefu, inaanza kama ile ya kwenye kipande cha boksi. Aliiangalia ikiita hadi ikakata. Haikuita tena, naye hakuipigia, na mimi sikumwuliza.